Mguu wa kushoto wa dada

Mama yangu ni fundi cherehani. Miaka 30 na kitu anashona magauni na sare za shule hapa Tanga, na ile futi yake ya njano ya kupimia watu haitoki shingoni, anapika nayo, anapokea wageni nayo, akienda kuswali ndo anaitundika msumarini. Nimeanza na futi manake ingeshuka kutoka shingoni kwa mama ikazungushwa kwenye miguu ya dada siku tatu mapema, mengi kati ya haya ninayoyaandika yasingetokea.

Dada alijifungua kwa opresheni mwaka 2021, mtoto wa kike. Siku ya nne wakaruhusiwa, na kama ilivyo kwetu akaja kwa mama kukaa arobaini. Chumba cha uani, uji wa pilipili manga, supu, mtoto ananyonyeshwa pale pale kitandani, na agizo moja kutoka kwa kila mwanamke mkubwa aliyeingia: usiinuke inuke, una kidonda. Kwahiyo akawa analala, akiinuka ni kwenda chooni na kurudi. Jirani yetu mmoja, bibi ambaye amewakanda wazazi wa mtaa mzima, mimi nikiwemo, akawa anakuja asubuhi na jioni na ndoo yake ya maji ya moto.

Siku ya tisa dada akasema mguu unamuuma, wa kushoto, kama msuli umebana kwenye shavu la mguu na hautaki kuachia. Tukauangalia, umevimba, ngozi inang'aa kidogo, ukiweka kiganja unasikia joto kuliko mwenzake. Shangazi akasema baridi imeingia. Bibi akasema hayo maji ya uzazi, atayakanda yashuke. Na mimi nikasema, nakumbuka maneno yangu kabisa, mbona hata mimi nilivimba miguu nilipojifungua. Ni kweli nilivimba, ila nilivimba yote miwili. Hiyo tofauti hakuna aliyeitaja mle chumbani, na tulikuwa wanawake watano tuliozaa.

Siku ya kumi tukampeleka zahanati ya karibu. Alisikilizwa akiwa amekaa kwenye benchi, kanga imefika mpaka kwenye vifundo, hakuna aliyemwambia afunue, tukaambiwa ni maumivu ya kawaida ya mzazi tukapewa diklofenaki tukarudi. Jioni akakandwa tena.

Siku ya 12 baada ya magharibi alitoka chooni, akafika mlangoni kwa chumba akashika fremu ya mlango, akaniangalia, akasema "mdogo wangu, sina hewa." Sio kwamba alikuwa anahema kwa kelele, hapana, sauti ilikuwa ndogo kabisa, kama mtu anayekuambia siri. Alafu akadondoka.

Namshukuru Mungu kwa dereva wa bajaji aliyekuwa nje. Namshukuru pia yule daktari kijana tuliyemkuta zamu, ambaye kitu cha kwanza baada ya kumwekea oksijeni alimfunua kanga, akatazama miguu yote miwili pamoja, akageuka akauliza nani ana futi. Mama akavua shingoni akampa. Akatafuta kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, akahesabu sentimita 10 kushuka, akazungusha. Kulia 37. Kushoto 42. Akatuonyesha namba kwa kidole kama fundi anavyomwonyesha mteja, akasema tofauti ikizidi sentimita 3 hilo tayari ni neno, na hii ni 5. Mapigo ya moyo yalikuwa 130 kwa dakika na kile kidude cha kidoleni kinasoma oksijeni 87. Akasema: "Mama, huyu damu imeganda mguuni, na nadhani kipande kimeshafika kwenye mapafu. Namchoma sindano sasahivi, picha tutapiga asubuhi, hatusubiri picha."

Hapo mwanzo sikuelewa. Mguu na mapafu wapi na wapi? Nimeelewa baadae, na nataka nielezee taratibu kwa sababu naona ndo sehemu ambayo tunakosea sote.

Damu inashuka mguuni kwa nguvu ya moyo, lakini kurudi juu inategemea sana misuli ya shavu la mguu, ukitembea misuli inaiminya mishipa ya ndani na damu inapanda, na ndani ya mishipa kuna vijilango vinavyozuia isirudi chini. Ukilala siku nyingi bila kutembea hiyo pampu imesimama. Damu inatuama, na damu iliyotuama inaganda. Likishatokea bonge kwenye mshipa mkubwa wa ndani, linaziba, maji yanarudi nyuma kwenye nyama, mguu unavimba. Hilo peke yake mtu anaweza kuishi nalo. Shida ni kwamba bonge halijashonewa pale, linaweza kumeguka, na likimeguka njia ni moja tu, linapanda na mshipa mpaka tumboni, linaingia moyoni upande wa kulia, moyo unalisukuma, na kituo kinachofuata ni mapafu. Huko mishipa inazidi kuwa myembamba mpaka bonge linakwama. Hewa inaingia mapafuni vizuri tu lakini damu haifiki kuichukua, ndo maana dada alikuwa anavuta pumzi na bado anasema hewa hana.

Mtu wa kwanza kueleza safari hiyo vizuri ni daktari wa Kijerumani, Rudolf Virchow, katikati ya miaka ya 1800, alikuwa anapasua maiti na kukuta mabonge mapafuni, akaonyesha kwamba yalitoka sehemu nyingine ya mwili. Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1821, na tarehe hiyo ndo dunia inaadhimisha siku ya damu kuganda kila mwaka tangu 2014. Mpaka leo madaktari wanafundishwa mambo matatu yenye jina lake: damu kutuama, mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa na wepesi wa kuganda. Sasa mchukue mzazi aliyetoka kwenye opresheni. Amelala, ndo kutuama huko. Amepasuliwa, mishipa ya nyonga imeguswa. Na damu yake Mungu ameiandaa miezi tisa iweze kuganda upesi ili asifie kwenye kutokwa damu siku ya kujifungua, na hali hiyo haiondoki siku mtoto anapotoka, inachukua wiki, na wiki sita za kwanza ndo mbaya kuliko hata mimba yenyewe. Wiki sita ni siku 42. Yaani ni arobaini yetu hasa, ule mda ambao sisi tunamlaza.

Na kwa nini wa kushoto? Hili lilinishangaza kuliko yote. Tumboni chini ya kitovu kuna mahali ambapo mshipa mkubwa unaopeleka damu mguu wa kulia unakatiza juu ya mshipa unaorudisha damu kutoka mguu wa kushoto, unaukandamiza kidogo, watu wengi tuko hivyo, na mfuko wa uzazi ukikua unazidi kuubana. Kwahiyo kwa wajawazito na wazazi mara nyingi inakuwa kushoto.

Bibi wa kukanda sitaki mtu amseme. Daktari mwenyewe hakusema kukanda ndo kulisababisha, alisema bonge linaweza kumeguka lenyewe hata mtu akiwa amekaa, ila mguu wa namna ile kuuminya na kuuchua ni kuuongezea hatari. Bibi alikuja hospitali, akasimama miguuni kwa kitanda, akauliza atajuaje siku nyingine. Mama akamwelekeza na futi. Mpaka leo kabla ya kumkanda mzazi yeyote anatazama miguu kwanza, na akikuta mmoja umemzidi mwenzake hagusi, anawaambia ndugu wamtafutie usafiri.

Asubuhi dopla ya mguu ikaonyesha bonge kutoka nyuma ya goti mpaka juu ya paja. Yule wa kupima anakandamiza na kifaa, mshipa wa kawaida unajifunga ukikandamizwa, ule wa dada ulikaa wazi vile vile, kama mpira wa maji uliojaa udongo. Siti skani ya kifua ilikuja siku mbili mbele, daktari akatuambia kwa kuwa mguu umeshatoa jibu na dalili za mapafu zipo, matibabu ni yale yale. Presha yake haikushuka, ingeshuka wangelazimika kufikiria ile dawa kali ya kuyeyusha bonge, na kwa mtu mwenye mshono wa siku 12 hiyo inaweza kumtoa damu vibaya.

Sindano yenyewe inaitwa enoksaparini, ni ya kuzuia damu kuganda, inachomwa kwenye nyama ya tumbo kila baada ya masaa 12, kipimo kinafuata kilo. Siku ya pili shangazi akasikia mahali kwamba inatengenezwa na utumbo wa nguruwe. Ni kweli, heparini, ile dawa mama ambayo enoksaparini ni ndugu yake, na ndugu zake wengi zinatokana na utumbo wa nguruwe, ingawa mwaka 1916 kule Baltimore, Marekani, ilipoanza kugunduliwa ilitoka kwenye ini la mbwa. Ikawa mjadala pale korido, shemeji amekaa kimya, dada mwenyewe ananiangalia mimi. Daktari hakukasirika, jambo ambalo nitamkumbukia daima, akasema ipo nyingine ya kutengenezwa maabara ila pale hawana, na kuisubiri ni hatari. Shemeji akampigia sheikh wetu. Sheikh akauliza swali moja tu, ipo nyingine mkononi sasahivi? Akaambiwa haipo. Akasema mchomeni, hiyo ni dharura na aliyelazimika hana dhambi, na mnanipigia simu badala ya kumtibu mgonjwa. Shangazi akaridhika, ndo akawa wa kwanza kumkumbusha nesi saa ya sindano.

Alafu ikaja wafarini, kidonge cha kuzuia damu kuganda, na hapo shangazi akapata kubwa zaidi, manake hii ni sumu ya panya. Na yenyewe ni kweli! Nimeisoma historia yake mara nyingi na sichoki. Miaka ya 1920 ng'ombe huko Marekani kaskazini na Kanada walianza kufa kwa kutokwa damu, ukimkata pembe tu damu haikomi. Ikaja kuonekana wanakula majani makavu yaliyoota ukungu. Februari 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alichoka, akapakia ng'ombe aliyekufa na chombo cha damu isiyoganda, akaendesha kwenye dhoruba ya theluji mpaka chuo kikuu cha Madison, akaangukia mlango wa mkemia anaitwa Karl Paul Link. Link na vijana wake walichukua miaka mpaka wakaipata kemikali yenyewe kwenye yale majani, na mwaka 1948 ndugu yake kemikali hiyo, ndo hii wafarini, akaanza kuuzwa kama sumu ya panya. 1951 mwanajeshi mmoja akainywa makusudi ili afe, akatibiwa kwa vitamini K akapona, ndo madaktari wakaona kumbe inaweza kutumika kwa binadamu na kuna kitu cha kuirudisha nyuma. 1955 rais wa Marekani, Eisenhower, alipopata shambulio la moyo akapewa hiyo hiyo. Nilimsimulia shangazi hadithi yote, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza "na huyo ng'ombe mwenye mkulima alilipwa?" Sijui kwa nini lakini baada ya hapo hakuipinga tena.

Hizi dawa haziyeyushi bonge, watu wanadhani hivyo. Zinazuia lisikue na mengine yasizaliwe, kuyeyusha anafanya mwili wenyewe polepole kwa wiki na miezi. Na naomba niliseme hili la "damu nzito" manake linaniuma. Kuna watu wanauza juisi za kitunguu swaumu na tangawizi za kulainisha damu, na mtu mwenye bonge la kwenye paja anazinywa wiki mbili akisubiri. Dada alipoteza damu kwenye opresheni, siku ile alipimwa damu akakutwa na 9, kwa lugha yetu ana damu ndogo, na damu hiyo hiyo ndogo iliganda. Haikuwa nzito popote mwilini isipokuwa kwenye ule mshipa mmoja. Kinachomsaidia mtu wa hivyo ni sindano siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo.

Wafarini inaanza kufanya kazi kamili kama siku tano hivi, kwahiyo mwanzo sindano na kidonge vinakwenda pamoja. Uzuri mtoto aliendelea kunyonya, wafarini haina shida kwa anayenyonyesha, wakati vile vidonge vya kisasa kama rivaroxaban, ambavyo havihitaji kupimwa pimwa, mnyonyeshaji huwa hapewi. Ugumu ni kipimo cha INR, kile cha kuangalia damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani. Kinatakiwa kikae kati ya 2 na 3, chini ya hapo unaganda, juu sana unavuja. Wiki ya kwanza mtu alimwambia dada aache mboga za majani kabisa kwa sababu zina vitamini K. Akaacha. INR ikapanda. Alafu mama akamwonea huruma, mzazi gani hali mboga, akampikia kisamvu cha nazi siku nne mfululizo na matembele juu yake, INR ikashuka 1.4. Nesi wa kliniki akamkalisha akamwambia kula mchicha wako, ila kula kiasi kile kile kila wiki, dozi tutaipanga kufuata sahani yako. Sijawahi kusikia ushauri wa hospitali uliokaa vizuri jikoni kama huo.

Mwezi wa tatu akapata tumbo la kuhara, akanunua metronidazo duka la dawa bila kusema yuko kwenye wafarini, na muuzaji hakuuliza. Baada ya siku chache asubuhi alikuwa anapiga mswaki, akaniita nje. Povu lote lilikuwa la pinki, akatema tena, pinki. INR ilikuwa 6. Akasimamishiwa kidonge akapewa vitamini K akatulia. Metronidazo inaipandisha wafarini, Septrin inaipandisha, flukonazo nayo, rifampisini ya TB inaishusha, na diklofenaki na asprini hata kama INR iko sawa zinakuongezea kuvuja. Dada sasa ana karatasi ndogo ndani ya kava la simu imeandikwa kwa mkono jina la dawa na kila alichokatazwa, na kila akiingia duka la dawa anaitoa kwanza ndo anasema shida yake.

Yalipoisha yale makali ndo nikasoma habari za Serena Williams, yule mcheza tenisi wa Marekani. Yeye alishapata mabonge mapafuni mwaka 2011, kwahiyo mwaka 2017 siku moja baada ya kujifungua kwa opresheni alipobanwa na pumzi alijua, akamfuata nesi akamwambia anataka siti skani na heparini. Nesi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya. Wakaanza kumpiga ultrasaundi ya miguu, safi, hakuna kitu. Akasisitiza siti skani, wakakuta mabonge kadhaa kwenye mapafu. Nilisoma hapo nikafunga simu nikaenda kukaa nje. Mwanamke anayejulikana dunia nzima na anaujua ugonjwa wake kwa jina, bado ilibidi aseme mara mbili. Dada yangu pale kwenye benchi la zahanati hakuwa na jina la kusema, alikuwa na mguu tu, na mguu ulikuwa umefunikwa na kanga.

Na sio wazazi peke yao. Aliyevunjika nyonga akalazwa, mwenye saratani, mwenye TB au HIV, mwenye selimundu, anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni (dada baada ya hapo hakuvimeza, aliwekewa kijiti), aliyewahi kupata kabla. Hata safari, kukaa zaidi ya masaa manne bila kunyoosha miguu hatari inakaribia mara mbili, kwa mtu mzima mwenye afya bado ni ndogo sana, lakini basi la Tanga kwenda Dar ni masaa matano sita na nimeona watu wanapandishwa humo siku chache tu baada ya opresheni. Kiharusi na shambulio la moyo navyo mara nyingi ni bonge, ila hilo ni la upande wa mishipa inayotoka moyoni, dawa zake zinatofautiana na sitaki kuchanganya hapa.

Dada alimeza wafarini miezi sita. Mguu haukurudi kama zamani, vile vijilango vya ndani viliharibika, jioni unajaa na anavaa soksi ya kubana mpaka magotini, kwa joto letu hili, halalamiki ila akiivua unamsikia anavyoshusha pumzi.

Na mwaka huu ana mimba nyingine. Tangu ilipoonekana yuko kwenye enoksaparini ya miligramu 40 kila usiku, manake wafarini inapita kwa mtoto na sindano haipiti, na ataendelea mpaka wiki sita baada ya kujifungua, ila uchungu ukianza asijichome, apige simu. Shemeji ndo anayechoma. Anakaa pembeni ya kitanda anafinya nyama ya tumbo na vidole viwili, kulia leo, kushoto kesho, wanahesabu pamoja mpaka kumi ndo anachomoa. Safari hii akijifungua hatalazwa arobaini nzima, tumeshakubaliana na bibi kabisa, siku ya pili atazungushwa uani mikono yake begani kwangu.

Ijumaa mama akitoka kuswali anaichukua futi msumarini, anamwita dada barazani. Dada anavuta gauni juu ya magoti. Mama anatafuta kinundu, anashuka sentimita 10, anazungusha, anaandika kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja, kati ya sare ya mtoto wa darasa la nne na gauni la harusi. Wiki iliyopita: kulia 37, kushoto 38 na nusu. Akarudia kushoto mara ya pili kuhakikisha. 38 na nusu.